Lulu Nyeusi Dar es Salaam: Ya Tahiti, Iliyotiwa Rangi au Nusu Lulu ya Unguja?

Ukiulizia lulu nyeusi kwa masonara wa mtaa wa Indira Gandhi au wa Kariakoo, au kwenye maduka ya zawadi ya Slipway, utawekewa mbele vitu visivyo na undugu zaidi ya rangi. Kimoja kilikua ndani ya chaza huko Polinesia ya Kifaransa, visiwa vya Pasifiki ambako Tahiti iko, na kikatoka baharini kikiwa na rangi yake. Cha pili kilizaliwa cheupe Japani au China, kikalowekwa kwenye dawa. Cha tatu ni nusu lulu ya Unguja, ng'ambo tu kwa boti, iliyokua ikiwa imeshikana na ganda la chaza. Mwishoni kuna shanga za kioo, plastiki na hematiti ambazo hazijawahi kumwona chaza. Muuzaji asiyejua, na wapo wengi waaminifu kabisa, ataviita vyote lulu nyeusi.

Kwa hiyo weusi wenyewe haulipiwi. Kinacholipiwa ni chanzo cha weusi huo na unene wa tabaka la lulu lililoubeba.

Weusi unatoka wapi

Lulu ya Tahiti hutoka kwa chaza aitwaye kitaalamu Pinctada margaritifera, mwenye mdomo mweusi. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Ndani ya ganda lake katikati panang'aa kama fedha, lakini ukingoni pana mkanda mweusi wenye ukijani, na mkanda huo ndio siri yote. Mpandikizaji humchukua chaza wa miaka miwili hadi mitatu, humpanua kidogo tu, hupasua kwenye mfuko wa uzazi na kuingiza vitu viwili: kiini cha mviringo kilichochongwa kutoka ganda la kome wa mito ya Marekani, na kipande cha milimita chache cha nyama ya ukingoni kutoka kwa chaza mwingine aliyechaguliwa kwa uzuri wa rangi yake. Kipande hicho hukua, hukizunguka kiini na kuanza kumwaga tabaka juu ya tabaka. Kikiteleza kikaachana na kiini, hakuna lulu yenye kiini. Kazi huchukua miezi 18 hadi 24 hivi. Chaza aliyetoa lulu nzuri huweza kupandikizwa tena kwa kiini kikubwa zaidi, na hapo ndipo zinapotoka lulu za milimita 13 na kuendelea. Wengi hufa au hutema kiini kabla ya kufika huko, ndiyo maana bei hupanda kwa kasi kubwa kuliko milimita zenyewe.

Lulu hizi mara chache huwa nyeusi tii. Nyingi ni kijivu cha risasi, kijani cha chupa, bluu ya usiku au zambarau ya biringani, na juu yake huelea rangi ya pili unapoigeuza. Inayotafutwa kuliko zote ni ile ya tausi, kijani kinachogeukia waridi. Ukionyeshwa kidani chenye lulu 40 nyeusi kama lami, zote sawasawa, hilo peke yake ni jibu. Bahari haifanyi kazi ya kiwanda.

Akoya, chaza wa Japani (Pinctada fucata), ni mdogo zaidi, na lulu zake huwa kati ya milimita 3 na 9, nyeupe au za maziwa. Kuna njia mbili za kuzifanya nyeusi. Ya kwanza ni kuziloweka kwenye nitreti ya fedha, kisha mwanga au dawa nyingine huigeuza chumvi hiyo kuwa chembe za fedha zilizonasa kati ya matabaka. Hii hutoa weusi mzito na hudumu, ila huyadhoofisha matabaka, hasa kuzunguka tundu la uzi. Ya pili ni mionzi ya gama. Mionzi huathiri zaidi kiini, kwa sababu ganda la kome wa mto lina manganizi, nacho huwa cheusi. Tabaka la juu hubaki jeupe jembamba na weusi huonekana kwa ndani, ukitoa kijivu chenye ubluu.

Lulu za maji baridi kutoka mabwawa ya China ndizo zilizojaa Kariakoo. Nyingi hazina kiini kigumu, kwa hiyo ni tabaka la lulu kuanzia juu hadi katikati. Hiyo ni sifa kubwa, na watu huisahau kwa sababu ni rahisi. Zikitiwa rangi nzuri huvaliwa miaka mingi. Zikitiwa rangi mbovu, jua na jasho huzigeuza kahawia.

Kwa nini neno Tahiti linabeba bei

Kabla ya mashamba, lulu nyeusi ilikuwa bahati. Wapiga mbizi wa visiwa vya Tuamotu na Gambier, Polinesia, walitafuta ganda, si lulu. Ganda lilikuwa likienda Ulaya kutengenezewa vifungo vya nguo. Lulu iliyokutwa ndani ilikuwa ya ziada, na maelfu ya chaza walifunguliwa bila kitu. Ghuba ya California, upande wa La Paz, Meksiko, nayo ilitoa lulu za giza kutoka kwa chaza wa aina nyingine. Ulaya ya karne ya 19 ilizipenda baada ya Eugénie, mke wa Napoleon III wa Ufaransa, kuonekana na kidani chake cha lulu nyeusi. Utawala ulipoanguka mwaka 1870, kidani hicho kiliuzwa kwa mnada London. Muda si mrefu chaza wenyewe wakaanza kuisha kwa kuvuliwa kupita kiasi.

Mwaka 1961 Jean-Marie Domard, Mfaransa aliyehusika na uvuvi Polinesia, akishirikiana na mpandikizaji kutoka Japani, alifanya jaribio la kupandikiza chaza mwenye mdomo mweusi, nalo likafaulu. Katika muongo huohuo shamba la kwanza la kibiashara lilianzishwa kisiwani Manihi. Tatizo lililofuata halikuwa la bahari, lilikuwa la imani. Wanunuzi walikuwa wamezoea akoya zilizotiwa nitreti ya fedha, na walipoona lulu kubwa nyeusi wakadhani ni dawa ileile. Miaka ya 1970 mfanyabiashara Salvador Assael alihangaika nazo New York mpaka sonara Harry Winston alipoziweka kwenye dirisha la duka lake la Fifth Avenue. Mwaka 1976 maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, ilithibitisha kwamba rangi ni ya asili, na mwaka 1988 shirikisho la kimataifa la vito, CIBJO, likakubali jina rasmi la lulu ya Tahiti ya kufugwa. Shaka aliyokuwa nayo mnunuzi wa New York wakati ule ndiyo anayopaswa kuwa nayo mnunuzi wa Dar leo, kwa sababu zilezile.

Kingine: kwa miaka mingi Polinesia ilizuia kuuza nje lulu yenye tabaka chini ya milimita 0.8. Akoya nyingi hazifiki hata nusu ya hapo. Lulu ya Tahiti ya miaka hiyo ikipata mkwaruzo, bado kuna kitu chini yake. Akoya ikichubuka, unaona kiini.

Tundu ndilo linalosema ukweli

Vipimo vingi vinavyosambaa mitandaoni hujibu swali lisilo lako. Kusugua lulu kwenye jino, ukahisi chenga kama za mchanga laini, kunathibitisha kwamba ni lulu na si plastiki. Iliyotiwa rangi nayo ina chenga. Uzito na ubaridi mkononi hukwambia si plastiki, lakini kioo nacho ni kizito na baridi. Moto usiutumie kabisa, utaharibu mali ya mtu.

Omba lenzi ya sonara inayokuza mara 10, omba na kitambaa cheupe, sogea mlangoni penye mwanga wa mchana. Taa za manjano za kwenye kabati na kitambaa cheusi cha mahameli huifanya kila lulu ionekane ya tausi. Kisha angalia tundu:

- Ya Tahiti: kiini cheupe au cha maziwa, kisha mstari wa wazi, kisha tabaka la giza lenye unene unaoonekana. Rangi haijajikusanya mdomoni mwa tundu.
- Akoya ya nitreti ya fedha: tabaka ni jembamba kama ukucha, weusi umekolea mdomoni, mara nyingi na vipande vidogo vilivyomomonyoka.
- Akoya ya mionzi: kiini ni cheusi, tabaka juu yake ni jeupe. Kinyume kabisa cha ile ya Tahiti.
- Ya maji baridi iliyotiwa rangi: hakuna mstari wa kiini, na rangi imekolea kwenye tundu na kwenye kila kishimo cha juu.
- Ya bandia: utando unabanduka kama rangi ya kucha, na chini yake kuna kioo, plastiki au ganda lililosagwa.

Kama lulu imeshabandikwa kwenye pete na tundu halionekani, tumia ukubwa. Lulu za Tahiti huanzia karibu milimita 8, na nyingi ni 9 hadi 11. Bangili ya lulu nyeusi za milimita 6 zilizo mviringo kamili karibu kila mara imetiwa rangi, hata cheti cha duka kikisema vingine. Rula ya plastiki ya mtoto wa shule inatosha kwa kipimo hiki.

Tochi ya kukagulia noti bandia nayo husaidia kidogo. Ndani ya chumba chenye giza, lulu nyingi za rangi asilia kutoka kwa chaza mwenye mdomo mweusi hutoa wekundu hafifu au uhudhurungi, wakati ile ya nitreti ya fedha hukaa kimya. Lakini tochi za bei rahisi hutoa zambarau nyingi inayofunika kila kitu, kwa hiyo usikate shauri kwa tochi peke yake. Kwa kipande cha bei kubwa kinachotakiwa ni maabara, nayo huangalia namna lulu inavyorudisha mwanga, pamoja na picha ya eksirei.

Herufi za daraja kama AAA hazina mwenyewe. Kila muuzaji ana zake. Polinesia hutumia A, B, C na D, na A ndiyo ya juu: uso safi kwa sehemu kubwa na mng'ao mkali. Ukiambiwa "AAA ya Tahiti", muulize A ya nani.

Chagua kwa mahali itakapokaa mwilini

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea: huchagua aina kwanza, kisha pambo. Lulu ni kalsiamu kaboneti, laini kuliko vumbi la barabarani lenye chembe za mchanga, na huliwa na tindikali. Mahali inapokaa ndipo panapoamua itadumu au la.

Hereni ndiyo mahali salama kuliko pote. Haigusani na meza, jasho ni kidogo, na lulu mbili tu zinatosha kuonekana. Pesa ya kununulia lulu ya Tahiti iende huku. Usikimbilie mviringo kamili. Lulu yenye umbo la tone, au ile yenye pete za mistari kuizunguka ambayo wafugaji huiita yenye miduara, ina tabaka lilelile na mara nyingi rangi kali zaidi, kwa bei iliyo chini sana. Jozi ya matone yaliyolingana ni ngumu kupata; ukikubali yatofautiane kidogo, muuzaji atashuka bei bila kusukumwa sana. Kidani cha lulu moja nacho kinafaa, mradi kisilale juu ya ngozi yenye marashi.

Mkufu mzima wa lulu za Tahiti wa sentimita 45 ni mradi wa familia, na si wa kuvaliwa kazini Posta siku za wiki. Kwa mkufu wa kuvaliwa mara kwa mara, kwenye mwendokasi, kanisani, kwenye vikao vya harusi, ningenunua ya maji baridi iliyotiwa rangi, ya milimita 7 hadi 8, bila aibu yoyote. Ikichakaa utanunua nyingine. Akoya iliyotiwa weusi ndiyo nisiyoielewa kwa hali ya hewa yetu: bei yake ni ya kati, tabaka ni jembamba, na dawa imeshalidhoofisha. Mviringo wake ni mzuri kuliko wa maji baridi, hilo halina ubishi, lakini mviringo hauzuii jasho.

Pete ni kaburi la lulu. Mkono hugonga, husugua, huosha vyombo, hukamua ndimu kwenye mchuzi. Ukiitaka lazima, chukua iliyozungushiwa ukingo wa dhahabu badala ya ile iliyosimama juu ya kijiti, na uivue jikoni. 

Nusu lulu ya Unguja

Kwenye Ghuba ya Menai, maeneo ya Fumba na Bweleo, kuna vikundi, wengi wao kina mama, vilivyofundishwa ufugaji huu kwa msaada wa watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chaza ni yuleyule mwenye mdomo mweusi, pamoja na Pteria penguin, mwenye ganda lenye mkia kama bawa. Hapapandikizwi ndani ya nyama. Nusu duara ya plastiki hugundishwa kwenye ukuta wa ndani wa ganda, chaza hurudishwa majini, na baada ya miezi 9 hadi 12 ukuta umefunika plastiki. Ni mbinu ileile aliyofaulu nayo Mikimoto Japani mwaka 1893, kabla ya lulu za mviringo.

Rangi hufuata mahali plastiki ilipobandikwa. Ikiwa karibu na katikati ya ganda, lulu hutoka ya fedha. Ikisogezwa ukingoni, hutoka kijivu chenye ukijani. Pteria hutoa rangi za shaba na waridi. Kwa hiyo usitegemee weusi wa tausi kila mara. Zinazovutia zaidi, kwa jicho letu, ni zile zilizokatwa pamoja na kipande cha ganda na kusuguliwa, ambapo nusu lulu inainuka kutoka kwenye ganda lake.

Cha kukagua: igeuze nyuma. Nusu lulu iliyokatwa kutoka kwenye ganda huachwa na shimo plastiki ikitolewa, na lazima ijazwe gundi ngumu ya epoksi na kufunikwa kwa kipande cha ganda. Ikibonyea au kutoa mlio wa uwazi ukiigonga kwa ukucha, haikujazwa, na itapasuka siku ya kwanza ya kugongwa. Angalia pia kama ukingo wa chini umebanduka. Juu yake, tabaka jembamba mno huonyesha kivuli cha kilicho chini yake ukiishika dhidi ya mwanga. Chaza huyo alivunwa mapema.

Kwa bei, hii iko chini sana ya lulu nzima ya Tahiti, na rangi yake ni ya asili. Kwa zawadi, ningeichagua kabla ya akoya yoyote iliyolowekwa dawa.

Ukimpelekea sonara

Lulu nzuri hufia mikononi mwa fundi mara nyingi kuliko mikononi mwa mvaaji. Kulehemu kufanywe kwanza, kung'arisha kufuate, lulu ibandikwe mwisho kabisa. Moto ukiikaribia lulu iliyokwisha kubandikwa, tabaka hupasuka nyufa nyembamba na rangi hugeuka kahawia, na hakuna dawa. Ukitaka pete ipanuliwe, lulu itolewe kwanza.

Lulu nzima hutobolewa kutoka pande mbili ili tundu likutane katikati. Ikitobolewa kwa pigo moja, keekee hulipua tabaka upande wa kutokea. Sindano ya keekee ipozwe kwa maji, kwa sababu ikichemka huunguza mdomo wa tundu. Kwa hereni au pete tundu huishia njiani, na kijiti cha milimita 0.7 hadi 0.9 chenye mikwaruzo au skrubu hupakwa epoksi na kuachwa saa 24. Supagluu hushika kwa dakika moja, kisha huwa ngumu na kuvunjika. Lulu zinazodondoka njiani nyingi zilibandikwa kwa hiyo.

Mkufu ufungwe kwa uzi wa hariri, fundo kati ya kila lulu na lulu. Ukifungwa kwa mshipi wa kuvulia, siku ukikatika ndani ya daladala utaokota tatu. Kwa joto na jasho la Dar, badilisha uzi kila mwaka ukivaa kila wiki. Uzi ukiwa mchafu karibu na mafundo, au ukiona nafasi kati ya lulu na fundo, usisubiri mwaka ufike.

Silva huleta mtego wake. Hewa ya chumvi huifanya iwe nyeusi, mtu huichovya kwenye dawa ya kusafishia silva, na dawa hiyo ina tindikali. Silva hung'aa, lulu hufa. Isugue silva kwa kitambaa kikavu, kuizunguka lulu. Mashine ya kusafisha kwa mitetemo nayo isiguse lulu, hata sonara akisema ni ya kisasa.

Marashi, mafuta ya nywele na udi vitangulie, vikauke, lulu ivaliwe mwisho na kuvuliwa kwanza. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kabla ya kuiweka. Iliyotiwa rangi isikae dirishani penye jua. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki wala usiizike kwenye boksi la benki miaka mitano: hewa kavu mno huleta nyufa. Mfuko wa pamba unatosha, mbali na dhahabu na vito vinavyokwaruza.

Kwenye risiti ya mashine ya kodi (EFD) maelezo huwa mafupi, "mkufu" au "pambo" basi. Omba karatasi ya duka yenye mhuri, iandikwe lulu nzima au nusu, ya bahari au ya maji baridi, kipenyo kwa milimita, na rangi asilia au iliyotiwa. Neno la mwisho hilo ndilo litakalokurudishia pesa ikigundulika vingine.